Kilomita Nane za Murram

Ijumaa alasiri, tarehe 25 Mei 2018, tulikuwa watu saba ndani ya chumba cha hosteli kilichojengewa watu wawili. Simu ilikuwa yangu, bando ilikuwa ya jirani, na chaja ilikuwa ya mtu ambaye hata hakuwepo. Nilikuwa mwaka wa kwanza. Kwenye simu, mwanamume mwembamba, viwiko vimetoka nje kama mbawa za kuku, alikuwa akipanda mlima huko Italia kwa baiskeli. Barabara ilikuwa ya changarawe na vumbi. Mbele yake hakukuwa na mtu. Nyuma yake pia, kwa umbali wa kutosha, hakukuwa na mtu.

"Huyu si ni yule wa Kikuyu?" mmoja akauliza.

"Huyo ni Mwingereza."

"Alianzia baiskeli Kikuyu, wewe. Mai-a-Ihii. Uliza mtu yeyote."

Mwenzetu mwingine, ambaye kwao ni Kinangop, hakujali ubishi huo. Yeye alikuwa anaangalia barabara. "Hiyo ni murram kama ya kwetu," akasema. "Kumbe hata Ulaya iko?"

Mwanamume huyo alikuwa Chris Froome. Alikuwa amebakisha kilomita 80 za mashindano ya siku hiyo, na alizimaliza zote akiwa mbele. Jioni magazeti ya mtandaoni yaliandika kwamba alishinda peke yake. Kilomita 80 peke yake! Mimi, kijana wa miaka 19 niliyekuwa nimeshaanza kuona kwamba karo ya mwaka wa pili haitatoka popote, nililichukua hilo neno "peke yake" nikalitia mfukoni. Nilikaa nalo miaka mingi. Hii makala ni ya kulirudisha.

*

Barabara yenyewe inaitwa Colle delle Finestre. Finestre kwa Kiitaliano ni madirisha, na colle hapa ni ule mwanya kati ya vilele, mahali mtu anapoweza kuvukia upande wa pili bila kupanda mpaka juu kabisa. Iko kaskazini-magharibi mwa Italia, karibu na mpaka wa Ufaransa, kati ya bonde la Susa na bonde la Chisone. Ukianzia kijiji cha Meana di Susa, unapanda kilomita 18 na nusu hadi kufika mita 2,178 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Kinangop analala juu kuliko hapo kila siku na hajawahi kupewa medali. Lakini huko unaanzia chini, karibu mita 500, na kwa kila mita 100 unazosonga, barabara inakuinua mita tisa na zaidi. Haipungui na haikupi mahali pa kupumua. Mwanzo ni lami nyembamba ndani ya msitu, kona juu ya kona. Halafu, kilomita karibu nane kabla ya kufika juu, lami inaisha.

Ukiiona kwenye picha utadhani ilichongwa kwa ajili ya watalii na mandhari. Sivyo. Hii ni barabara ya vita. Mpaka kati ya Ufaransa na watawala wa Savoy ulikuwa ukisogezwa huku na huku katika milima hii, na bonde la Chisone liliingia mikononi mwa Savoy kwa mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713. Ukishapata bonde, lazima ulilinde. Mwaka 1728 ujenzi wa ngome ya Fenestrelle ulianza upande wa pili wa ule mwanya, na haukuisha mpaka 1850. Yaani mtu angezaliwa, akachimba, akazeeka na kufa, na mjukuu wake akaendelea kuchimba. Ngome hiyo inapanda mlimani kwa takriban kilomita tatu, na ndani yake kuna ngazi iliyofunikwa juu, yenye vidato karibu 4,000. Baadaye ikawa gereza. Napoleon alimfungia humo Kadinali Pacca.

Tarehe 19 Julai 1747, kwenye mgongo wa mlima wa Assietta, hapo hapo karibu, jeshi la Ufaransa lilijaribu kupita kwa nguvu. Watu takriban 5,000 wa upande wa Ufaransa waliuawa au kujeruhiwa kwa saa chache tu, na kamanda wao, Belle-Isle, akafia hapo. Karne moja na nusu hivi baadaye, Italia ikiwa sasa nchi moja na ikimwogopa Mfaransa yule yule, jeshi lilitapakaza ngome na barabara za changarawe juu ya milima hiyo. Moja ya ngome hizo iko pale pale kwenye mwanya wa Finestre. Barabara nyingine inafuata mgongo wa Assietta mpaka Sestriere, juu ya mita 2,000, kutoka mwanya mmoja hadi mwingine.

Siku hizi, hiyo ndiyo njia inayotamaniwa na waendesha baiskeli za changarawe: unapanda kutoka Susa, unavuka Finestre, unaingia Assietta, unakwenda na mgongo wa mlima mpaka Sestriere. Wakati wa kiangazi kuna siku za wiki ambapo magari na pikipiki haziruhusiwi Assietta, ili wenye baiskeli na waendao kwa miguu wapite kwa raha. Wanapita, wanapiga picha, wanakunywa kahawa. Kona wanazozisifu zilipimwa ili nyumbu aweze kuvuta mzinga. Tunajua majina ya wafalme walioamuru na ya majenerali waliokufa. Waliobeba mawe wameandikwa kwa neno moja tu: jeshi.

Kabla hujasema hayo ni ya huko, kumbuka barabara ya Mai Mahiu. Ile inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa ilijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na mateka wa kivita wa Kiitaliano, waliokamatwa baada ya Italia kushindwa Ethiopia na Somalia. Mwaka 1942 walijenga pia kanisa dogo kando ya barabara, lile ambalo matatu za Narok zinalipita bila kupunguza mwendo. Nimelipita kwa baiskeli mara nyingi, mikono imekufa ganzi kwa kushika breki. Huwa najiuliza kama kati ya wale mateka alikuwepo kijana wa mabonde ya Susa au Chisone, aliyekuja kuchonga mlima wa watu kwa lazima, kama babu zake walivyochonga wao kwa lazima.

*

Sasa, baiskeli ziliingiaje huko juu?

Zamani hakukuwa na kitu cha kuitwa mashindano ya changarawe, kwa sababu changarawe ndiyo ilikuwa barabara. Mwaka 1910 waandaaji wa Tour de France walitaka kupeleka mashindano kwenye milima ya Pyrenees. Mmoja wao, Alphonse Steinès, alitumwa kwenda kukagua njia ya Tourmalet. Gari lilikwama kwenye theluji, akaendelea kwa miguu gizani, akaponea chupuchupu. Alipopata joto akamtumia bosi wake telegramu kwamba barabara ni nzuri sana na inapitika kabisa. Sisi tunamjua huyo mtu. Kila kaunti ina wake.

Julai ile wanaume walipanda kwa baiskeli nzito, kwenye njia za mawe zilizozoea mbuzi. Octave Lapize, aliyekuja kushinda Tour ya mwaka huo, alisukuma baiskeli yake kwa miguu mahali fulani, na alipofika mlima wa Aubisque akawapigia waandaaji kelele kwamba wao ni wauaji. Miaka saba baadaye, Julai 1917, aliuawa angani akiwa rubani wa kivita. Yaani waandaaji aliowaita wauaji hawakumwua. Vita ndivyo vilivyomwua.

Lakini hadithi inayonishika ni ya 1913, ya Eugène Christophe. Alikuwa na nafasi nzuri sana ya kushinda Tour. Alipokuwa akiteremka Tourmalet, foki ya baiskeli yake, ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, ikavunjika. Kanuni ya wakati huo ilikuwa kavu: mshindani atengeneze baiskeli yake mwenyewe, bila msaada wa mtu yeyote. Christophe akabeba baiskeli begani na kuteremka mlima kwa miguu, zaidi ya kilomita 10, mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Wenzake wote wakampita. Kijijini akaonyeshwa karakana ya mhunzi. Alikuwa na ufundi wa chuma, kwa hiyo akawasha moto na kuanza kuunga foki yake, huku maofisa wa mashindano wamesimama mlangoni wakihakikisha hakuna anayemsaidia.

Ilimchukua zaidi ya saa tatu. Mkono mmoja unashika chuma, mwingine unashika nyundo. Wa tatu wa kufukuta moto angeutoa wapi? Kulikuwa na mtoto mdogo pale, akamfukutia mivukuto. Maofisa waliona. Christophe akaongezewa dakika 10 za adhabu kwa kusaidiwa, ambazo baadaye zilipunguzwa hadi tatu. Alimaliza Tour hiyo akiwa wa saba.

Nikifikiria hiyo hesabu naishiwa maneno. Mtu ameshapoteza saa nyingi, ametembea na baiskeli begani, ameunga chuma kwa mikono yake, halafu mtu mwenye saa ya mfukoni na koti safi anaandika kwenye daftari kwamba mtoto alifukuta moto.

*

Miaka ikapita, lami ikaenea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia milima mikubwa ya Ulaya iliwekwa lami mmoja baada ya mwingine, na mashindano yakawa ya kasi. Kisha, kama inavyokuwa, watu wakaanza kutamani walichokifukia. Mwaka 2005 waandaaji wa Giro d'Italia walipeleka mashindano Finestre kwa mara ya kwanza. Kile kipande cha kilomita nane kilichobaki bila lami, ambacho kwetu kingekuwa ahadi ya mheshimiwa katika kila uchaguzi, kikawa ndicho kivutio chenyewe. Waitaliano wana neno la barabara ya namna hiyo, sterrato, na wanalitamka kwa mapenzi. Sisi neno murram tunalitamka tukipangusa viatu.

Changarawe hubadilisha mambo mawili. La kwanza ni kundi. Kwenye lami tambarare, anayejificha nyuma ya mwenzake hutumia nguvu kidogo sana, kwa sababu upepo unakatwa na wa mbele. Kwenye mlima mkali mwendo ni mdogo, kwa hiyo kujificha kunasaidia kidogo tu. La pili ni gurudumu la nyuma. Ukisimama juu ya pedali ukavuta kwa hasira, linateleza. Inabidi ukae kitako, usage taratibu, uvumilie. Barabara ya namna hiyo haimpendi mtu wa mbwembwe.

Mwaka 2005 aliyeshinda siku ya Finestre alikuwa José Rujano wa Venezuela, kijana mdogo wa umbo aliyeonekana kama mtoto kati ya wenzake. Paolo Savoldelli, aliyekuwa na jezi ya pinki ya kiongozi, aliachwa mlimani lakini akainusuru jezi, na mwishowe akashinda Giro kwa sekunde 28. Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Alberto Contador kuachwa humo humo. Alipoteza zaidi ya dakika mbili, akabaki na jezi kwa akiba aliyokuwa nayo.

Ndipo tunafika 2018, na kijana wa Mai-a-Ihii.

Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, wazazi Waingereza. Alipokuwa mvulana, mama yake alimpeleka kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli mwenye rasta ambaye nyumba yake ya mabati kule Mai-a-Ihii ilikuwa, na imeendelea kuwa, shule ya vijana wa baiskeli. Kama unatoka upande ule, umewahi kuwaona Jumamosi asubuhi: msururu wa vijana wenye jezi zilizopauka, wanapanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Huko ndiko Froome alikofundishwa kupanda mlima, kuziba pancha, na kula ugali sufuria moja na wenzake.

Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne, akawa wa 17 kwenye mbio za kupambana na saa. Mwaka huo huo alitaka kwenda mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg, na kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alijiandikisha kwa kutumia barua pepe ya mkuu wa chama cha baiskeli cha Kenya, akajifanya yeye ndiye mkuu. Akafika Salzburg, akaanza mbio, na muda si muda akamgonga ofisa wa mashindano. Naipenda hiyo hadithi. Ni ya Kikenya mwanzo hadi mwisho, pamoja na ajali. Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza. Wengi walinung'unika, lakini alikuwa na mlango wa kutokea na akautumia. Vijana aliokuwa akipanda nao milima hawakuwa na pasipoti ya pili.

Asubuhi ya tarehe 25 Mei 2018, Froome alikuwa wa nne, dakika tatu na sekunde 22 nyuma ya Simon Yates, Mwingereza mwenzake aliyekuwa amevaa jezi ya pinki karibu Giro yote. Froome mwenyewe alikuwa ameanguka hata kabla mbio hazijaanza rasmi, na juu ya kichwa chake lilining'inia swali la dawa ya pumu iliyoonekana kuzidi kipimo mwaka uliotangulia. Kesi hiyo ilifungwa Julai bila adhabu, ingawa kuna ambao mpaka leo wanaiongelea kwa sauti ya chini. Kwenye Finestre timu yake iliongeza kasi tangu chini. Yates akaanza kuachwa, kwanza mita chache, halafu akapotea kabisa kwenye picha. Murram ilipoanza, Froome akaondoka. Aliteremka upande wa pili, akapanda Sestriere, akateremka tena, akapanda mlima wa mwisho juu ya Bardonecchia, akamaliza dakika tatu mbele ya aliyefuata. Jezi akaichukua kwa sekunde 40. Yates alifika zaidi ya dakika 38 baadaye.

Chumbani kwetu tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja kugonga. Peke yake!

Miaka kadhaa baadaye nilisoma jinsi siku ile ilivyopangwa. Timu yake, iliyokuwa kati ya timu tajiri kuliko zote duniani, ilikuwa imewatawanya watu wake wote barabarani. Makanika, wakandaji misuli, hata bosi mwenyewe, walisimama kwenye kona za Finestre na za milima iliyofuata, kila mmoja ameshika chupa ya maji na chakula, ili Froome asibebe uzito wowote na asikose chochote. Walikuwa wamepiga hesabu ya atakachokula, mlima kwa mlima. Kila baada ya muda mfupi, mkono ulikuwa unamngoja.

Sisemi alidanganya. Kanuni za sasa zinaruhusu, na miguu ilikuwa yake. Nasema tu kwamba mwaka 1913 mtu aliadhibiwa kwa mikono ya mtoto mmoja, na mwaka 2018 mtu alisifiwa kwa upweke akiwa amepangiwa mikono mlima mzima. Sikuwa nimeiona mikono hiyo. Kamera nayo haikuwa na haja nayo.

*

Niliacha chuo 2019. Sababu ilikuwa pesa, na baada ya pesa ikawa aibu, na aibu ina riba kubwa kuliko mkopo wowote. Nyumbani niliambiwa nimejiangusha mwenyewe. Nami nikaamini, kwa sababu kama mtu anaweza kushinda peke yake, basi bila shaka anaweza pia kuanguka peke yake.

Nikapata kibarua cha kusambaza mikate kwa baiskeli, kutoka Kikuyu kwenda kwenye maduka ya vijijini. Baiskeli ilikuwa ya mtumba, kreti mbili nyuma, breki ya mbele ya kubahatisha. Asubuhi moja ya matope, kwenye mteremko wa murram upande wa Gikambura, foki ilikatika. Sikuanguka vibaya. Mikate ndiyo iliyoanguka vibaya. Nikaikusanya ile iliyobaki kavu, nikaibeba baiskeli begani na kreti mkononi, nikatembea karibu saa nzima mpaka kibanda cha fundi mmoja mzee, chini ya mkaratusi kando ya barabara kuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umeibeba, haijakubeba," akasema, akiichukua. Aliigeuza, akapitisha kidole mahali pa kuvunjika. "Hii ilikuwa imeanza kukatika kitambo. Hukusikia ikilia?"

Nikamwambia sikusikia. Nikamwambia pia sina pesa, na kwamba nisipofikisha mikate kabla ya saa nne sina kazi.

"Sijakuuliza pesa. Nimekuuliza kama ulisikia."

Akawasha mashine ya kuchomelea. Kijana wa nduthi aliyekuwa akingoja kuzibiwa pancha aliinuka bila kuombwa, akaishika foki kwa koleo ili isisogee, uso amegeuza pembeni kuepuka cheche. Haikuzidi dakika 20. Shilingi 600, akasema, utalipa ukipata. Nikaondoka mbio. Hata jina la yule kijana wa nduthi sikuuliza.

Sikulipa wiki hiyo, wala iliyofuata. Kwanza sikuwa nazo, halafu nilikuwa nazo nikazitumia kwa mambo mengine, halafu nikaanza kupitia barabara ya nyuma ili nisionekane. Nilipokuja kupita tena pale na noti mfukoni, barabara kuu ilikuwa inapanuliwa. Kibanda hakikuwepo, mkaratusi haukuwepo, na mama wa mboga ng'ambo ya barabara alijua tu kwamba walipewa siku chache waondoke. "Yule mzee? Alienda kwao, nafikiri." Kwao wapi, hakujua.

Habari za Christophe nilizisoma baada ya hapo, usiku, kwenye simu. Nilipofika kwenye mtoto na mivukuto niliiweka simu chini.

*

Miaka ya hivi karibuni murram yetu nayo imepata heshima ya kimataifa. Tangu 2021 kuna Migration Gravel Race, siku nne za changarawe upande wa Maasai Mara, ambapo waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki hushindana na wageni bila kuhitaji viza ya kwenda popote. Nyuma ya jambo hilo kuna wazo la Team Amani: kama milango ya Ulaya ni myembamba, mashindano yaletwe kwenye barabara tulizonazo. Nahodha wao alikuwa Suleiman Kangangi, tuliyemwita Sule. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka kwenye mashindano ya changarawe kule Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Walioandika kumhusu waliandika kidogo juu ya ushindi wake, na mengi juu ya vijana aliowafungulia njia. Sikuwahi kukutana naye, lakini siku ile niliendesha mpaka ukingo wa Bonde la Ufa, nikakaa chini nikatazama Longonot bila kufanya lolote.

Tarehe 31 Mei 2025 Giro ilirudi Finestre. Niliangalia nikiwa bedsitter yangu, bando yangu mwenyewe. Kijana wa Mexico, Isaac del Toro, miaka 21, ndiye aliyekuwa na jezi ya pinki. Simon Yates, yule aliyepotea kwenye picha 2018, alikuwa wa tatu, dakika moja na sekunde 21 nyuma. Kwenye Finestre akaondoka. Del Toro na Richard Carapaz wa Ecuador, aliyekuwa wa pili, wakabaki wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake afanye kazi ya kumfukuza. Yates akavuka juu, akateremka, na huko chini akamkuta mwenzake wa timu, Wout van Aert, aliyekuwa ametangulia tangu mapema na sasa amemngoja. Van Aert akaukata upepo bondeni, Yates nyuma yake, hadi mlima wa mwisho. Alichukua jezi, na kesho yake akashinda Giro. Mwishoni alilia.

Magazeti yaliandika kwamba alirudi kulipa deni la mlima. Sawa. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Van Aert, mtu mwenye jina kubwa kuliko Yates kwa mashabiki wengi, aliyeumia siku nzima ili awe ukuta wa upepo kwa muda mfupi. Alipomaliza kazi akasogea kando, na kamera ikamwacha hapo.

Sijarudi chuo, na sitaki kudanganya hapa kwamba Yates alinifundisha kurudi. Bado napitia Gikambura kwa baiskeli, ingawa sibebi tena mikate. Foki ni ile ile. Mahali ilipoungwa pana uvimbe mdogo, mbaya kwa macho, mgumu kuliko chuma chote kinachouzunguka. Nikiingia kwenye murram huwa nasikiliza kama inalia.

Noti ya shilingi 1,000 imekunjwa ndani ya kasha la simu yangu. Fundi, kama unasoma hii, au kama mjukuu wako anasoma: ni 600, chenji msirudishe.